Mgonjwa Aulizwe, na Jibu Lake Lisomwe Siku Hiyohiyo

Mwenyekiti wa mkutano, madaktari na wauguzi wenzangu, wafamasia, wataalamu wa lishe, na hasa ninyi mnaoishi na kisukari mlioacha shughuli zenu ili mkae nasi leo: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima mambo ambayo maabara haina kifaa cha kuyapima. Naomba nianze na kosa nililolifanya mwenyewe.

Kwa muda wa mwaka mmoja hivi nilimhudumia mama mmoja wa makamo mwenye kisukari aina ya pili, anayejidunga insulini. Kila alipokuja kliniki, HbA1c yake, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari, ilikuwa ya kupendeza. Mara ya mwisho ilisoma asilimia 6.6. Nilimpongeza. Nilimwambia kwamba wagonjwa wote wangekuwa kama yeye, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Alitabasamu, akachukua dawa zake, akaondoka. Hakukaa mbele yangu hata dakika kumi, nami niliona nimetimiza wajibu.

Kisha tukaanza kutumia dodoso. Muuguzi alimpa yule mama karatasi angali kwenye benchi anasubiri kuitwa. Penye swali kuhusu hofu ya sukari kushuka, alizungushia alama ya juu kabisa. Alipoingia nikamuuliza anamaanisha nini, akanieleza. Usiku hushtuka amelowa jasho, moyo unamwenda mbio, na kwa dakika kadhaa hajui yuko wapi. Hulala na kikombe cha maji yenye sukari kando ya kitanda. Simu yake ameitega ilie saa sita usiku, na tena saa tisa. Binti yake amehamia chumbani kwake ili amwangalie. Mambo hayo yalikuwa yakiendelea miezi yote ile niliyokuwa nampongeza.

HbA1c ni wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Sukari inayopanda mchana na kuzama usiku inaweza kabisa kutoa wastani mzuri. Sehemu ya ile asilimia 6.6 niliyoifurahia ilitokana na usiku ule wa jasho.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akanijibu kwa upole: "Daktari, hukuniuliza. Na nilikuona umefurahi."

Tumezoea kuwaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama hakuficha chochote. Alikuwa anasubiri swali, na swali halikuja, kwa sababu aliyepaswa kuliuliza alikuwa ameshaangalia namba akaridhika nayo.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi HbA1c haina maana. Mwaka 1993 utafiti wa DCCT, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza huko Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari vizuri hupunguza madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Mwaka 1998 utafiti wa UKPDS wa Uingereza ulionyesha kwamba hata kwenye aina ya pili udhibiti mzuri unapunguza madhara kwenye mishipa midogo ya damu. Macho ya watu wengi yameokolewa na elimu hiyo. Lakini DCCT hiyohiyo ilionyesha jambo jingine ambalo hatulitaji mara nyingi: kundi lililotibiwa kwa nguvu zaidi lilipata matukio ya sukari kushuka vibaya, yale yanayohitaji msaada wa mtu mwingine, takriban mara tatu ya kundi la kawaida. Kwa hiyo namba ilipokuwa inashuka vizuri, kulikuwa na watu waliokuwa wanalipia kushuka kwake. Na anayejua kama analipa, na analipa kiasi gani, ni yeye mwenyewe.

Hicho ndicho kinachoitwa matokeo yanayoripotiwa na mgonjwa. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliyaeleza mwaka 2009 katika mwongozo wake: ni taarifa yoyote kuhusu hali ya afya ya mgonjwa inayotoka kwa mgonjwa moja kwa moja, bila kufasiriwa na daktari wala mtu mwingine yeyote. Uzito wa maelezo hayo uko mwishoni, pale panaposema bila kufasiriwa. Tunapoandika kwenye faili "mgonjwa hana malalamiko", hiyo si taarifa yake. Ni tafsiri yetu ya kimya chake.

Na kimya hicho kina mengi ndani yake. Kuna michomo ya nyayo inayomfanya mtu ashindwe kuvumilia hata shuka juu ya miguu. Kuna uchovu ambao hauonekani kwenye kipimo chochote cha damu. Kuna kupungua kwa nguvu za kiume, jambo ambalo mwanamume anaweza kulibeba miaka mingi bila kulitamka, na kuna wanawake ambao tendo la ndoa limegeuka maumivu nao pia hawasemi. Kuna anayeona haya kujidunga mbele ya watu, kwa hiyo anaruka dozi ya mchana kila siku ya kazi. Kuna ambaye mwili wake umeacha kumpa dalili sukari inaposhuka: hatetemeki, hatoki jasho, anaanguka tu. Hili la mwisho linaweza kugunduliwa kwa swali moja. Unamuuliza mtu hutambua kwa kiasi gani sukari inapoanza kushuka, kwenye kipimo cha 1 hadi 7, ambapo 1 ni hutambua daima na 7 ni hatambui kamwe. Akitaja 4 au zaidi, chukulia kwamba dalili zimefifia. Kwa watu wenye aina ya kwanza, kufifia huko kumehusishwa na hatari ya kupata tukio kali takriban mara sita zaidi. Hakuna damu iliyotolewa hapo. Ni swali tu, na tunaweza kumaliza mwaka mzima hatujaliuliza.

Utafiti wa DAWN2, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahoji zaidi ya watu wazima 8,500 wenye kisukari katika nchi 17. Asilimia 44.6 walikuwa na kiwango cha juu cha msongo unaotokana na kisukari. Asilimia 13.8 walikuwa na dalili za uwezekano wa sonona. Takriban asilimia 40 walisema dawa zao zinawazuia kuishi maisha ya kawaida. Na walioweza kusema kwamba wahudumu wao waliwahi kuwauliza jinsi kisukari kinavyoathiri maisha yao walikuwa karibu mmoja tu kati ya wanne.

Hapa nataka nikae kidogo, maana naona tunachanganya vitu viwili. Msongo wa kisukari si sonona. Sonona huigusa kila pembe ya maisha: mtu hapati raha katika jambo lolote, usingizi unaharibika, anajiona hafai. Msongo wa kisukari unatokana na kazi ya ugonjwa wenyewe. Hesabu unachokula, jitoboe kidole, andika, dunga, subiri, hesabu tena, na kesho vivyo hivyo, bila siku ya mapumziko hata moja. Ongeza hofu ya upofu. Ongeza hatia ya kuvunja masharti, na ndugu anayekukodolea macho kila unaponyoosha mkono mezani. Mtu mwenye mzigo huo anaweza kuwa mcheshi kazini, anapenda watoto wake, anafurahia mpira, na bado amechoka na kisukari hadi ameacha kujipima. Ukimwandikia vidonge vya sonona hujamgusa. Anachohitaji ni kupunguziwa mzigo: ratiba ya dawa irahisishwe, malengo yawe ya kufikika, na apate mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu. Zipo tafiti zilizoonyesha kwamba msongo huu unahusiana na HbA1c kwa karibu zaidi kuliko sonona yenyewe. Kwa hiyo hata anayejali namba peke yake ana sababu ya kuuliza.

Tuulize kwa kutumia nini? Zana zipo, hatuhitaji kuzibuni. ICHOM, shirika la kimataifa linaloshughulika na vipimo vya matokeo ya matibabu, liliwakutanisha wataalamu na watu wanaoishi na kisukari wakakubaliana juu ya matokeo ya kupimwa kwa watu wazima wenye aina ya kwanza na ya pili. Kwa upande wa yale anayoyaripoti mgonjwa walichagua madodoso matatu.

La kwanza ni WHO-5: kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita, kama mtu amekuwa mchangamfu, ametulia, ana nguvu, ameamka akiwa amepumzika, na siku zake zimejaa mambo yanayompendeza. Jumla yake huzidishwa kwa 4 ili ifike 100, na anayepata 50 au chini ya hapo anahitaji kusikilizwa zaidi. La pili ni PAID, maswali 20 kuhusu matatizo yanayoletwa na kisukari, kila moja likipewa alama 0 hadi 4. Jumla huzidishwa kwa 1.25, na 40 kwenda juu ni msongo mkali. La tatu ni PHQ-9, maswali tisa ya sonona.

Kwa kliniki inayoanza, ushauri wangu ni kutokimbilia yote. PAID ina toleo fupi la maswali matano, ambapo alama 8 kati ya 20 zinatosha kukuonya. Maswali hayo matano pamoja na yale matano ya WHO-5 yanajazwa kwa dakika chache. PHQ-9 ije baadaye, kwa yule ambaye majibu yake ya kwanza yametia wasiwasi. Mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi, na irudiwe pale jambo kubwa linapobadilika: insulini inapoanza, jicho au mguu unapopata tatizo. Baadhi ya madodoso yanahitaji idhini ya wenye hakimiliki, kwa hiyo iombwe kabla ya kuchapisha karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Dodoso peke yake halimsaidii mtu.

Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi, akina Frans Pouwer na Frank Snoek, walichapisha jaribio lililofanyika kwenye kliniki ya kisukari. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi jingine lilijaza dodoso la hali ya moyo, yaani jinsi mtu anavyojisikia, kisha muuguzi wa kisukari akakaa na kila mmoja wakazungumzia majibu yake. Baada ya mwaka mmoja, kundi lililozungumza lilikuwa na hali bora ya moyo. Mwaka 2011 Pouwer na wenzake walichapisha jaribio jingine. Safari hii wagonjwa walichunguzwa sonona, na matokeo yakatumwa kwa maandishi kwa mgonjwa na kwa daktari wake. Faida iliyopatikana ilikuwa ndogo. Majaribio hayo mawili hayakufanana kwa kila kitu, lakini mimi nayasoma pamoja. Barua haikufanya alichofanya muuguzi aliyekaa kwenye kiti akasema, "Nieleze."

Nitataja pia kile ambacho wenye mashaka watakitaja nisipokitaja mimi: katika jaribio la 2001 HbA1c haikubadilika. Wapo wanaosema basi hakuna faida. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtu akiwa na moyo mwepesi kwa mwaka mzima huku sukari yake ikiwa palepale, hayo ni matokeo ya matibabu, tena matokeo anayoyahisi kila asubuhi. Hatuwezi kusema tunapima anachokithamini mgonjwa kisha tukakikataa kwa kuwa hakikusogeza tunachokithamini sisi.

Kwa utaratibu wa kazi, nilichojifunza ni hiki. Karatasi au kishikwambi kitolewe kabla ya kumwona daktari, mtu akiwa ametulia, si baada ya hapo akiwa anawahi usafiri. Muuguzi ajumlishe alama na kuziweka juu ya faili, jirani na HbA1c. Naye daktari aanze na majibu hayo kabla hajataja sukari. Mpangilio huo una maana, kwani ukianza na HbA1c mazungumzo yote yatakuwa ya HbA1c. Huhitaji maneno mengi. "Naona hapa umeweka 4. Nieleze." Kisha nyamaza. Kunyamaza huko kuliniwia vigumu kuliko kitu chochote katika kazi hii. Mkono unataka kuandika, mdomo unataka kushauri. Vumilia, maana jambo lenyewe huja baada ya kimya cha pili.

Wenzangu hulalamika kwamba muda hautoshi. Ni kweli ziara ya kwanza huwa ndefu zaidi. Kwangu mimi zilizofuata hazikuwa ndefu, kwa sababu tulikuwa tunazungumzia kilichomleta badala ya kuzunguka pembeni. Tena si lazima awe daktari. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mimi, na katika lile jaribio la Uholanzi la 2001 aliyezungumza na wagonjwa alikuwa muuguzi.

Lipo swali moja ambalo halina mzaha hata kidogo. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kliniki isiyokuwa na mtu wa kulipokea jibu hilo siku hiyohiyo isilitumie dodoso hilo kwanza. Kabla karatasi ya kwanza haijatolewa, ijulikane nani anaitwa, mnakaa chumba gani, nani anabaki na mgonjwa asiachwe peke yake, na anapelekwa wapi. Kumuuliza mtu kama anataka kufa, kisha kuiweka karatasi kwenye rundo isomwe wiki ijayo, ni kumdhuru.

Kuna pia suala la lugha, na hapa nawaomba mnivumilie kwa sababu nalipenda. Dodoso likitafsiriwa neno kwa neno kwa Kiswahili, linaharibika mikononi. Chukueni neno sukari. Mtu husema "nina sukari" akimaanisha ugonjwa, "sukari imeshuka" akimaanisha kilichomo kwenye damu, na "sitaki sukari" akimaanisha ya kijiko. Ukiandika "Je, sukari inakutia hofu?", watu watatu watajibu maswali matatu tofauti, nawe utajumlisha alama zao kama kwamba waliulizwa kitu kimoja. Moyo nao una mitego yake: "moyo unaniuma" yaweza kuwa huzuni, yaweza kuwa kifua kinachohitaji kupimwa sasa hivi. Na wengi hawatakuambia wana sonona. Watakuambia wana mawazo. Ndiyo maana tafsiri nzuri hufanywa na zaidi ya mtu mmoja, hurudishwa kwenye lugha ya awali na mtu ambaye hakuiona, kisha watu wanaoishi na kisukari huombwa waeleze kwa maneno yao wenyewe walichoelewa katika kila swali. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote.

Wasiosoma nao wasiachwe. Wasomewe, lakini ikiwezekana asiwe yuleyule muuguzi anayempa dawa, kwa sababu ni vigumu kumwambia aliyekuhudumia vizuri kwamba umechoka na matibabu yake. Na asisomewe mbele ya jamaa aliyemsindikiza. Wanaokataa kujaza pia tuwaandike na tuwafuatilie, maana kundi hilo mara nyingi lina wale waliolemewa zaidi, na tukihesabu waliojaza tu tutajidanganya kwamba kliniki yetu imejaa watu wenye furaha.

Hofu yangu kubwa iko kwingine. Nahofia siku alama hizi zitakapotumiwa kupanga kliniki kwa ubora au kumpima mfanyakazi. Siku hiyo muuguzi atajikuta anamshawishi mgonjwa aweke 1 badala ya 4, na mgonjwa, kwa huruma yake, atakubali. Yule mama wangu angekubali. Alinyamaza mwaka mzima kwa sababu aliniona nimefurahi. Rejista ya taifa ya kisukari ya Sweden, iliyoanza mwaka 1996, ilitengeneza dodoso lake baada ya kuwahoji kwanza watu wanaoishi na kisukari, na dodoso hilo linauliza pia kama mtu anapata msaada anaouhitaji kutoka kwa wahudumu. Naipenda njia hiyo, mradi majibu yabaki kitu cha kumsaidia aliyeyatoa kabla hayajawa takwimu ya mtu mwingine.

Mtaniuliza yule mama aliishia wapi. Tulipunguza insulini yake ya usiku. Tukakubaliana lengo jipya, na HbA1c yake ikapanda hadi asilimia 7.3. Zamani ningeandika kwenye faili kwamba udhibiti umelegea. Miezi sita baadaye alijaza dodoso tena, na penye lile swali la hofu ya sukari kushuka akazungushia 1. Akaniambia kwamba kengele ya saa tisa ameizima, ya saa sita bado anaiacha, na binti yake amerudi chumbani kwake.

Dakika zangu zimekwisha. Kwenye ratiba sasa ni kipindi cha maswali, na desturi ni sisi wa meza ya mbele kuulizwa na nyote. Nimemwomba mwenyekiti leo tuanze na safu ile ya kulia, walikokaa wenzetu wanaoishi na kisukari. Kipaza sauti kinakuja kwenu. Tutasikiliza, na hakuna atakayejibu chochote mpaka mtakapomaliza.